Sikio Langu Lilitangulia kwa Wiki Moja

Kama unasoma haya huku umeshika sikio, na sehemu ya juu ya hilo sikio ina moto, acha kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, maandishi hayana miguu, utayakuta hapahapa ukirudi. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi sikupata mtu wa kuniambia kwa ukali. Mkali wa nyumba yetu nilikuwa mimi mwenyewe.

Mimi ni mtogaji. Hapa Kibondo wengi wanasema kutoboa masikio, lakini kwetu tunasema kutoga, neno alilokuja nalo Bibi mzaa mama kutoka Ujiji pamoja na sindano zake. Mtoto wa kike akitoka arobaini, mama yake ananiletea. Sindano nimeshaichemsha, uzi nimeshaupaka nta ya nyuki. Mtoto analia mara mbili, mara moja kwa kila sikio, kisha ananyonya na kulala. Baada ya hapo kazi ni ya mama yake. Kila asubuhi auzungushe uzi kwa mafuta ya mawese ya vuguvugu na chumvi kidogo, mpaka tundu likauke. Miaka zaidi ya ishirini ndewe za watoto wa mji huu, zile nyama laini za chini ya sikio, zimepita mikononi mwangu. Za Waislamu, za Wakristo, za Waha wa hapa na za waliotoka Burundi. Hakuna hata moja iliyooza. Nilikuwa na jina, na nililipenda jina langu kuliko nilivyokuwa nikikiri.

Nuru ni binti yangu wa mwisho. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, anasubiri kwenda chuo cha ualimu Kasulu. Siku moja, vumbi la kiangazi limetanda mpaka kwenye vyombo, akaja jikoni akajishika ukingo wa juu wa sikio.

"Mama, nataka unitoboe hapa."

"Hapo? Hapo si mahali pa kutoga."

"Siku hizi ndo mpango mzima. Halafu si ulisema Bibi yako alikuwa nayo?"

Hapo alinishika pabaya. Bibi alikuwa na matundu matano kila sikio, yamezunguka ukingo wote, kama walivyofanya wanawake wa zamani wa kwao. Lakini mimi alinifundisha ndewe tu. Sikuwahi kumuuliza yale ya juu yalimuuma siku ngapi, wala wenzake wangapi yaliwaharibikia. Nilichoona mimi ni dhahabu.

"Basi usipotaka nitaenda saluni," Nuru akasema. "Wana bastola ya kutobolea. Sekunde moja tu, pah!"

"Bastola? Kwenye sikio la mwanangu? Ng'o!"

Nikajiona nina busara sana. Nikamwambia sitamgusa kabla sijajijaribu mwenyewe. Ningejitoga mimi kwanza, nisubiri siku saba, likiwa salama ndipo nimtoge yeye. Niambie, mama gani angefanya zaidi ya hapo? Ndivyo nilivyojisifu mbele ya kioo. Sindano ilipopita juu ya sikio langu la kulia ilitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye ndewe, mlio wa mtu anayetafuna muhogo mbichi. Nikashtuka. Kisha nikafunga uzi, nikapaka mawese, nikaendelea na kazi zangu.

Siku saba nikauzungusha ule uzi kila asubuhi. Uliuma, lakini maumivu ya kawaida. Siku ya saba, Jumamosi, hapakuwa na maumivu tena. Nikamwita Nuru, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, nikamtoga sikio la kulia kama langu. Alibana meno, hakulia. Alipojitazama kwenye kioo alicheka, akanibusu shavuni. Lile busu nimelikumbuka mara nyingi mno tangu siku ile.

Jumatatu sikio langu likaanza. Kwanza joto, halafu kupwita. Nikaongeza chumvi kwenye mawese, nikauzungusha uzi mara mbili kwa siku badala ya mara moja, maana kwangu kidonda kinachosumbua kinahitaji kushughulikiwa. Kufikia Jumatano sehemu yote ya juu ilikuwa imevimba na kung'aa, nyekundu iliyokolea, sikio limesimama mbali na kichwa. Na ndewe, chini yake palepale, ilikuwa salama kabisa, laini kama siku zote. Sikuweza kulalia ubavu ule. Hata upepo wa mlangoni uliniuma.

Jumatano hiyohiyo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe. Nilijitanda mtandio ndani ya nyumba. Baba Nuru anauza vitenge kwenye minada na juma lile alikuwa upande wa Kakonko, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu. Ndani huwa tunakaa vichwa wazi. Nuru akanitazama.

"Mama, mbona umejitanda?"

"Nasikia baridi."

Joto la siku ile lilikuwa la kukausha nguo kwa saa moja. Baadaye, tukichambua maharage, akagusa sikio lake.

"Langu linauma, Mama. Linauma kwa ndani."

Sasa sikiliza vizuri. Nilikuwa najua. Lake lilikuwa na siku nne, na langu lilikuwa limetangulia. Kila kitakachompata yeye kilikuwa kimeshanipata mimi, kipo chini ya mtandio, kinapwita. Sikuhitaji daktari wala mpiga ramli. Ningevua tu, nikamwonyesha, tukatoka pamoja kwenda zahanati, ambayo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nikamwambia, "Ni kawaida. Hata langu siku ya nne lilikuwa hivyohivyo."

Uongo mtupu. Langu siku ya nne lilikuwa zima. Nilisema vile kwa sababu niliogopa. Niliogopa watu watasema mtogaji kaoza sikio, na wale mama wote wenye watoto wachanga watasikia. Niliogopa Baba Nuru. Niliogopa pia uso wa mwanangu. Basi sikumwambia ndewe wala sikio, nikamchemshia mawese yake, nikamzungushia uzi kwa mkono wangu. Alivuta pumzi kwa meno. Mimi nikamwambia avumilie.

Alhamisi na Ijumaa nilikuwa na homa. Usaha ulianza kutoka kando ya uzi, nikawa nafua mtandio mmoja na kujitanda mwingine. Mtandio wenyewe ulilibana sikio, likakaa kwenye jasho kutwa. Nikajiambia Jumamosi litapasuka, litapoa. Mganga hajigangi, wamesema wahenga, lakini mimi nilijiganga na nikamganga na mwanangu.

Jumamosi nilitoka uani na ndoo ya maji. Nuru alikuwa amekaa mkekani, simu mkononi. Mlango wa nje umefungwa, hakuna mgeni, hakuna mwanamume. Na Nuru alikuwa amejitanda mtandio, ameubana kwa pini chini ya kidevu.

Niliiweka ndoo chini.

"Vua, Nuru."

"Vua wewe kwanza."

Tulitazamana. Wanawake wawili ndani ya nyumba yao, kila mmoja amemfichia mwenzake sikio. Nikavua. Nuru akaweka mkono mdomoni. Harufu niliisikia mimi mwenyewe pindi kitambaa kilipoachia. Kisha akavua wa kwake, na pale nikaona sikio langu la Jumatano, lilelile, limekaa kwenye kichwa cha mtoto wangu.

"Ulikuwa unajua," akasema. Hakupiga kelele. "Mama, ulikuwa unajua."

Zahanati hawakutuchelewesha, walituandikia barua twende Kasulu kwa daktari wa masikio. Kesho yake alfajiri tukapanda gari. Nuru alikaa dirishani, mimi pembeni yake. Kila gari lilipopita kwenye tuta niliona bega lake likiruka, na langu likiruka, kwa wakati mmoja.

Hospitali ya Kasulu tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka karibu saa nane. Sijui kama umewahi kusubiri ukiwa na kidonda usichoweza kukiegemeza popote. Unatafuta namna ya kuweka kichwa, hupati. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Busunzu, amemleta mumewe kutibiwa macho. Alituamkia kwa Kiha, "Mwakeye," akaangalia kichwa changu, akaangalia cha Nuru.

"Mawe we! Mama na mwana, sikio moja?"

"Ndiyo, bibi."

"Ni ugonjwa gani huo wa kuambukizana masikio?"

Nikacheka kidogo, na kucheka kukaniuma. Alitupa karanga za kuchemsha, akasogea ukutani ili Nuru aegemee upande mzuri. Aliponiuliza kazi yangu nilisema nauza hereni. Ni kweli nauza, lakini si hilo aliloniuliza.

Daktari alikuwa dada mdogo kiumri, mpole, ana macho ya kuchoka. Alikata nyuzi zote mbili. Akauliza, "Nani kawatoboa?"

Nilifungua mdomo. Nuru akaniwahi.

"Saluni. Kwa bastola."

Alisema bila kunitazama. Mwanangu alikuwa ananisitiri, na mimi nikanyamaza nikasitirika. Daktari akaanza kuzilaumu saluni, mimi naitikia kwa kichwa. Nikimaliza kuhesabu mambo ninayoyajutia maishani, lile la kuitikia kwa kichwa huwa la pili.

Alitueleza kwa maneno machache. Ndewe ni nyama, ina damu ya kutosha, inajiponya hata ukiikosea. Juu ni gegedu, ile sehemu ngumu inayokunjika, na damu haifiki vizuri, kwa hiyo ikioza haina wa kuitetea. Kile nilichokuwa nakifanya kila asubuhi, kuuzungusha uzi, kilikuwa kinafungua kidonda upya. Mafuta yalikuwa yanafungia uchafu ndani. "Tundu la juu linapona kwa miezi," akasema, "si kwa siku saba." Kule ndani nilisikia kitu kikianguka, maana siku saba ndizo nilizojivunia.

Walitupasua siku hiyohiyo, mimi kwanza. Ganzi ya sikio ni sindano tatu ambazo sitamtakia adui. Wakatoa usaha, wakakata kilichokufa, wakashindilia vitambaa mbele na nyuma na kuvishona ili sikio lisijae tena. Nikatolewa, nikakaa nje ya chumba cha upasuaji kusikiliza mlango. Nilipomsikia Nuru akilia ndani ya chumba kile, yeye ambaye hakulia kwenye kigoda, niliuma kanga yangu. Nilimwomba Mungu achukue masikio yangu yote mawili amwachie lake. Nilimaanisha, Mungu shahidi.

Wodi ilijaa, tukapewa kitanda kimoja. Wote tulitogwa kulia, kwa hiyo wote tulilazimika kulalia kushoto. Yeye alitangulia ukutani. Siku kumi na moja nililala nikitazama mgongo wa mwanangu. Hata angetaka kunigeukia asingeweza, na sikujua kama angetaka. Sindano asubuhi, sindano jioni. Siku za kubadilisha vitambaa tulizijua kwa mlio wa toroli. Kulikuwa na nesi mmoja mnene aliyekuwa akilowesha vitambaa kwanza kwa maji ya chumvi, akingoja vilainike, ndipo anavuta. Wengine walivuta vikavu. Nilijifunza zamu zake, nikawa nauliza kila asubuhi kama leo ni yeye. Mtu mzima na wajukuu wake, anamsubiri nesi kama mtoto anayemsubiri mama atoke sokoni.

Siku ya tano mvua ya kwanza ikanyesha. Usiku ule kumbikumbi walijaa kwenye taa za kibarazani, asubuhi watu wakawa wanawafagia na kuwakaanga. Bibi wa Busunzu, mumewe naye akiwa amelazwa, alituletea kwenye kikombe. Nuru alikula. Nilimwona akila nikageukia pembeni nikalia kwa furaha, maana kwa siku tatu alikuwa amekataa kila nilichomshikia mimi.

Baba Nuru alifika siku ya sita, matope mpaka magotini. Alisimama mbele ya kitanda akatutazama, vichwa viwili vimefungwa bandeji upande mmoja.

"Mama Nuru, mmefanya nini nyie?"

Wakati huohuo daktari alikuwa anapita. Akamwambia kesi kama zetu zimezidi, angependa jina la saluni ile ili wahusika wa Kibondo wakaikague. Akatoa kalamu. Mji wetu una saluni chache, na mwenye ile yenye bastola ni mjane anayesomesha watoto. Nuru alitazama ukuta. Alikuwa ameshanisitiri mara moja, ya pili aliniachia.

"Hakuna saluni," nikasema. "Ni mimi. Nilijitoga mimi, halafu nikamtoga yeye. Na langu lilipooza nilijua, nikamficha siku tatu."

Daktari akarudisha kalamu mfukoni. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliliangalia faili la Nuru, akasema taratibu, "Siku tatu. Ungemleta siku tatu nyuma, huenda tungeishia kwenye dawa tu."

Baba Nuru alitoka nje. Nilidhani amekwenda zake. Baadaye nikachungulia dirishani nikamwona kwenye karo la kufulia la hospitali, katikati ya wanawake, amekunja mikono ya kanzu, anafua kanga zetu zenye damu. Wanawake walikuwa wanamcheka. Alizianika moja moja, akakaa chini yake kuzilinda. Hakunisemesha mpaka siku ya kutoka, lakini kila siku tulikuwa na kanga safi.

Bandeji zilipofunguliwa kwa mara ya mwisho, langu halikuwa sikio tena kwa juu. Limesinyaa, limejikunja ndani, kama kitambaa kilichoguswa na pasi ya moto. Nililitazama, nikasema sawa. La Nuru walipolifungua sikusema sawa. Sehemu kubwa ilipona, lakini pindo la juu limebonyea na kulala, na daktari alisema halitainuka. Nuru aliomba kioo. Alijitazama muda mrefu, akakirudisha, akasema "Asante, dokta," kwa sauti ya adabu kabisa. Kisha akachukua mtandio wake.

Tulirudi Kibondo mahindi yakiwa yameota. Watu walijua, mji mdogo hauna siri, na mficha maradhi kilio humfichua. Mama mmoja jirani alimaliza arobaini, nikamwona anapita na mtoto wake mbele ya nyumba yangu kwenda kwingine, akanipungia mkono. Sikumlaumu. Sindano za Bibi nimezifunga kwenye kitambaa na sijazichemsha tena, hata kwa ndewe.

Kwa hiyo nakwambia wewe. Usimruhusu mtu kama mimi akutoboe juu, hata awe na miaka ishirini mikononi. Ikiwa umeshatobolewa, usizungushe uzi wala hereni, usilipake sikio mawese, usililalie, usilifungie kwenye kitambaa kikavu wala kibichi. Nawa mikono kabla hujaligusa, osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, basi. Likivimba juu huku ndewe ni nzima, usihesabu siku. Na hapa siandiki kama mtogaji: siku utakapojikuta unajifunika ndani ya nyumba yako mwenyewe, mbele ya watu wako, hiyo ndiyo siku ya kwenda.

Tangu nirudi mimi nakaa kichwa wazi ndani. Nimeazimia. Wageni wa kike wakiingia wanatazama chai yao, mimi namimina tu. Nilitaka Nuru, akija likizo kutoka chuoni, akute hakuna kinachofichwa katika nyumba hii.

Alikuja mwezi wa sita. Mvua zilikuwa zimekwisha, vumbi limeanza tena. Baba yake alikuwa mnadani. Alinipa shikamoo, akabusu mkono wangu, akakaa mkekani, nikamletea uji. Mlango nilikuwa nimeshaufunga. Nikangoja. Alikunywa uji wote na mtandio kichwani, pini chini ya kidevu.

"Nuru, mwanangu. Tuko wawili tu. Mbona hujavua?"

Akanitazama, akalitazama na sikio langu, akatabasamu kwa upole kama unavyomtabasamia mgeni.

"Nasikia baridi tu, Mama."

Bati lilikuwa linalia kwa jua. Nikainuka, nikafunga dirisha.